Mwongozo Kamili wa Kuchagua Pikapu Iliyotumika kwa Kuvuta Tela na Kupita Njia Mbovu

Wanunuzi wengi wa pikapu zilizotumika hupatwa na hasara ya namna moja: gari linanunuliwa likiwa linang'aa, linafanya kazi vizuri wiki chache, kisha linapofungwa tela la mahindi au tangi la maji na kupelekwa mlimani, injini inachemsha, klachi inaungua, au chesisi inaonyesha ufa uliokuwa umefichwa kwa rangi. Sababu kubwa ni kwamba gari lilikaguliwa likiwa tupu, likiwa limesimama kwenye uwanja wa saruji, na injini yake ikiwa imeshapashwa moto na muuzaji. Gari la kuvuta hukaguliwa kuanzia uvunguni, na hujaribiwa likiwa na mzigo. Hatua zifuatazo zimepangwa ili kasoro kubwa zionekane mapema, kabla hujatumia siku nzima kwa gari lisilostahili.

## Vitu vya kuandaa

Andaa tochi yenye mwanga mkali, nyundo ndogo, sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa laini, tepu ya kupimia, vitambaa vyeupe, turubai ya kulalia chini, spana za kufungulia boliti za oili za difu (boksi la gia kwenye ekseli linalogawa nguvu kwa magurudumu), na daftari. Kama gari ni la miaka ya karibuni lenye injini inayoendeshwa kwa kompyuta, tafuta fundi umeme mwenye mashine ya kusoma hitilafu.

Mahitaji mawili makubwa ni mtu na mzigo. Mtu ni fundi wa injini za dizeli ambaye hana uhusiano na dalali wala yadi, na ambaye utamlipa wewe mwenyewe hata gari likikataliwa. Mzigo ni tela lako likiwa limepakiwa. Kama huna tela bado, tafuta mifuko 10 ya saruji ya kilo 50, ambayo ni nusu tani, ya kuweka kwenye bodi.

Tenga pia fedha za matengenezo ya mwanzo. Mimi hushauri sehemu moja ya tano ya bajeti yote ibaki mfukoni siku ya kununua, kwa sababu hakuna pikapu iliyotumika ambayo iko tayari kuvuta siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Hesabu uzito kabla ya kutazama gari lolote

Anza na mzigo wenyewe. Gunia la mahindi la kilo 100 ni kipimo rahisi: magunia 15 ni kilo 1,500. Tangi la lita 1,000 likijaa maji lina kilo 1,000, bila uzito wa tangi. Ongeza uzito wa tela, ambalo likiwa la chuma na lenye ekseli mbili mara nyingi hufika kilo 500 au kuzidi. Magunia yako 15 sasa yamekuwa mzigo wa tani 2.

Kuna uzito wa pili ambao wengi huusahau. Tela lililopakiwa vizuri hukandamiza ndoano kwa takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na uzito huo unabebwa na gari. Tela la tani 2 litaweka karibu kilo 200 nyuma ya pikapu. Ukichukua pikapu inayobeba tani 1, ukatoa hizo 200, ukatoa watu wanne wenye jumla ya kilo 280 hivi, bodi yako imebakiwa na nafasi ya kilo 500 na kidogo tu. Anayejaza bodi tani nzima na kufunga tela nyuma amekwisha kuvuka mpaka kabla hajatoka uani.

Kisha soma uwezo wa kuvuta uliotajwa na mtengenezaji, ambao hutolewa kwa namba mbili: tela lenye breki zake na tela lisilo na breki. Kwa pikapu nyingi, tela lisilo na breki huishia kilo 750. Namba kubwa zinazotajwa kwenye matangazo ni za tela lenye breki. Hilux za kati ya 2005 na 2015 zenye dizeli ya lita 3.0 zilitajwa kuvuta takriban kilo 2,500 katika masoko mengi. Land Cruiser 79 imekuwa ikitajwa tani 3.5.

Namba hizo zilipimwa kwa gari jipya. Kwa gari lililotumika litakalopita makorongo na milima, chukua robo tatu ya namba ya kitabu kuwa mwisho wako.

Umefanikiwa hapa ukiwa na namba moja iliyoandikwa daftarini: uzito wa tela lako likiwa limejaa. Kila gari utakaloliona litapimwa kwa namba hiyo.

## Hatua ya 2: Chagua aina na injini

Kwa kazi hii unahitaji gari lenye chesisi ya ngazi (vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukatisha), ekseli ya nyuma ya chuma kimoja, na 4WD, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, yenye gia nzito iitwayo L4. Gia nzito ndiyo inayokuwezesha kupanda mteremko wa mawe na tela nyuma bila kuunguza klachi, na ndiyo inayoshusha gari taratibu bila kukanyaga breki muda wote.

Kuwa mwangalifu na pikapu zilizo juu lakini zinazovuta kwa magurudumu ya nyuma pekee. Zilitengenezwa nyingi, na kwa macho hufanana kabisa na za 4WD. Usitosheke na stika iliyobandikwa ubavuni. Piga magoti, mulika kati ya magurudumu ya mbele: lazima uone difu ya mbele na shafti mbili zinazokwenda kwenye magurudumu (kwa Land Cruiser 79 shafti hizo zimo ndani ya ekseli ya chuma). Kama hakuna, hakuna cha kujadili.

Kuhusu injini, Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo, ndiyo ninayoipendelea kwa anayefanya kazi mbali na mjini. Haina haraka, lakini mafundi wa wilayani wanaifahamu, vipuri vyake vimeenea, na haina vifaa vingi vya umeme vya kuharibika njiani. Udhaifu wake ni miinuko: injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kwenda juu. Kwa mtu wa Makete au Njombe, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, hasara hiyo inahisiwa kila siku tela likiwa limejaa.

Injini ya Toyota ya 1KD, lita 3.0 yenye turbo, ina nguvu zaidi ya kuvuta na hunywa mafuta kidogo kuliko 1HZ, lakini inadai mafuta safi na uangalizi. Tatizo lake linalojulikana ni sili za shaba za nozo, yaani vifaa vinavyopuliza dizeli ndani ya injini: zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini hufa kwa kukosa oili. Muulize muuzaji ni lini sili hizo zilibadilishwa. Isuzu D-Max yenye injini ya 4JJ1 ya lita 3.0 ni chaguo zuri sana ambalo wengi hulipita kwa kufuata jina la Hilux, na mara nyingi huuzwa kwa bei nafuu zaidi kwa hali ile ile. Ford Ranger na Nissan Navara zina nguvu, ila hakikisha kwanza kwamba kuna fundi na duka la vipuri karibu nawe.

Jambo moja kuhusu asili ya gari. Toyota iliacha kuuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba Hilux ya 2010 ni "ya Japani, ilitumika huko huko", maelezo hayo hayawezi kuwa kweli. Magari ya miaka hiyo yalitoka kwingine: Thailand, Afrika Kusini, Uingereza, au yalinunuliwa mapya hapa hapa. Yaliyotoka Uingereza yachunguzwe kwa ukali zaidi, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hiyo hula chesisi kutoka ndani.

## Hatua ya 3: Lala uvunguni na usome chesisi

Hatua hii inaamua zaidi kuliko zote. Injini hubadilishwa, chesisi iliyooza au kupinda humaliza gari.

Onyo: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Tumia stendi imara, shimo la gereji, au lala chini gari likiwa kwenye magurudumu yake.

Anza ukiwa umesimama. Tazama nafasi iliyopo kati ya kebini na bodi, kisha uipime kwa tepu juu na chini, kulia na kushoto. Vipimo vinapaswa kukaribiana. Nafasi ikiwa pana juu na nyembamba chini, chesisi imeinama nyuma ya kebini, nayo ni alama ya gari lililobebeshwa kupita kiasi kwa muda mrefu. Ikitofautiana kulia na kushoto, huenda liligongwa.

Sasa ingia chini na nyundo. Gonga polepole chuma cha chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito, na wakati mwingine vumbi jekundu hudondoka. Kaa zaidi mahali pa hatari: pale springi za nyuma zinapofungwa, juu ya ekseli ya nyuma, boksi la usukani linaposhikiliwa, na pale ndoano ya tela ilipofungwa. Kutu ya juu juu inayokwanguka kwa kucha haina madhara. Kutu inayotoka vipande vipande kama maganda ina madhara.

Uvungu uliopakwa rangi mpya nyeusi au lami nzito, wakati sehemu nyingine za gari zinaonyesha umri wake, uchukulie kuwa unaficha kitu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya chuma hicho: ikikataa kushika mahali fulani, chini ya rangi kuna puti. Tafuta pia mistari ya kuchomelea isiyofanana na ile ya kiwandani.

Mwisho, soma namba ya chesisi. Kwa pikapu nyingi imegongwa ubavuni mwa chuma cha chesisi, karibu na gurudumu la mbele la kulia. Iandike yote daftarini, na uangalie kama kuna alama za kusaga kuizunguka.

Umefanikiwa ukitoka uvunguni bila kupata ufa, puti, wala chuma kilichopinda. Ukipata kimojawapo, mshukuru muuzaji na uondoke, hata kama bei inavutia.

## Hatua ya 4: Tafuta alama za kazi ambayo gari lilifanyishwa

Kwamba gari limewahi kuvuta si kosa. Kosa ni kulivutisha vibaya. Ndoano nzuri imefungwa kwa boliti kwenye pande zote mbili za chesisi. Ndoano iliyochomelewa kwenye bampa au kwenye chuma kimoja cha nyuma ni hatari kwa watu, na inakuonyesha namna mwenye gari alivyolitunza.

Tazama springi za nyuma gari likiwa tupu. Zinapaswa kuwa bado na upinde. Zilizonyooka kabisa, au zilizopinda kinyume, zimechoka. Springi zilizoongezwa hazina ubaya zenyewe, lakini haziongezi nguvu ya chesisi wala ya breki, na muuzaji asikuambie kwamba gari sasa linabeba tani 2. Kagua shokapu kama zinavuja, kisha mulika uso wa difu ya nyuma na sili za magurudumu ya nyuma.

Sasa fungua boliti ya kujazia oili ya difu na uingize kidole. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji: gari lilizama mtoni au kwenye dimbwi, na difu iliyokuwa moto ikavuta maji ilipopoa ghafla. Fanya hivyo kwa difu zote mbili na kwa giaboksi. Ni kazi ya dakika 15 ambayo wakaguzi wengi huiruka.

## Hatua ya 5: Iwashe injini ikiwa baridi

Mwambie muuzaji mapema kwamba gari lisiwashwe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ina joto, subiri au rudi kesho asubuhi. Dizeli iliyochoka hujificha ikishapata moto.

Injini ikiwa baridi bado, fungua kifuniko cha rejeta. Usikifungue kamwe ikiwa moto, kwa kuwa maji yaliyo ndani yana shinikizo na yatakuunguza uso. Unatarajia kuona maji ya rangi ya kuleyanti, yasiyo na kutu wala mafuta. Maji matupu ya kahawia yanamaanisha kwamba njia za ndani zimeanza kuliwa. Tazama pia mapezi ya rejeta kwa tochi. Tope lililokauka katikati yake linatosha kuchemsha injini kwenye mlima wa Kitonga, hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Iwashe. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi unaruhusiwa, lakini ukiendelea injini ikiwa moto, nozo zimechoka au maji yanaingia ndani. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi mzito ni mafuta mengi kuliko hewa. Baada ya dakika tatu hivi, bonyeza bomba la juu la rejeta: likiwa limeshakuwa gumu kabla maji hayajapata moto, gesi inapenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Legeza kifuniko cha kujazia oili uone kama pumzi inatoka kwa nguvu, jambo linaloashiria ringi zilizolika.

Uliza kuhusu taiming belti, mkanda unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni. Injini za 1HZ, 1KD na ndugu yake ndogo 2KD ya lita 2.5 zote zinaitumia, na ikikatika valvu hugongana na pistoni. Ibadilishwe kila kilomita 100,000. Bila risiti ya kubadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa na uondoe gharama yake kwenye bei.

## Hatua ya 6: Jaribu 4WD mahali penye udongo

Usijaribu H4, yaani 4WD kwa gia za kawaida, kwenye lami kavu, kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma hayawezi kutofautiana mwendo, na vyuma vya ndani hukazana mpaka kuvunjika. Tafuta udongo au mchanga. Weka H4, endesha polepole mita 50, kisha simama, weka gia huru na uingize L4. Lazima iingie bila kulazimishwa, na gari litambae kwa nguvu bila wewe kukanyaga mafuta.

Kisha kata usukani mpaka mwisho, uzunguke kulia na kushoto. Mlio wa kugonga kwa mfululizo kutoka mbele ni jointi za shafti zilizokwisha. Kama gari lina habu za kufunga kwa mkono (vifungo vya katikati ya magurudumu ya mbele vinavyoyaunganisha na shafti), zifunge na kuzifungua mwenyewe. Nyingi zimeganda kwa kutotumika.

## Hatua ya 7: Liendeshe likiwa na mzigo

Funga tela lililopakiwa, au weka ile mifuko ya saruji kwenye bodi. Muuzaji akikataa kabisa gari lisijaribiwe na mzigo hata wa nusu tani, kukataa huko kuchukulie kuwa jibu lake.

Tafuta mlima wa kilomita moja au zaidi. Panda ukiwa gia ya 3, na jicho lako moja lisiache mshale wa joto. Mshale uliokaa katikati kwenye tambarare unaruhusiwa kusogea kidogo. Ukiendelea kupanda kila unapokanyaga, kupoza kwa injini hakutoshi, na tatizo linaweza kuwa rejeta, feni, wota pampu au gasketi. Muuzaji hupenda kusema kwamba ni thamostati tu. Basi aibadilishe yeye, kisha mrudi mlimani.

Ukiwa bado mlimani, ingiza gia ya 4 na ukanyage mafuta yote. Injini ikipandisha mlio lakini mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Kwa giaboksi ya kujiendesha, sikiliza ikihangaika kupandisha na kushusha gia, na baada ya safari unuse oili yake: harufu ya kuungua ni sababu ya kutosha ya kukataa.

Kushuka ndiko kunakopima breki. Teremka kwa gia ile ile uliyopandia, ukanyage breki kwa vipindi. Pedali isizame zaidi kadiri unavyoshuka, na usukani usivute upande. Ukifika chini, pitisha kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa; gurudumu lenye joto kuliko mengine lina breki inayokwama au beringi inayokwisha.

Acha injini iungurume dakika 10 baada ya safari, huku ukitandika vitambaa vyeupe chini yake, kisha urudi uvunguni na tochi. Mvujo ambao haukuwepo asubuhi utauona sasa.

## Hatua ya 8: Kilomita na matairi

Usiipe namba ya kilomita uzito mkubwa. Hurudishwa nyuma kwa urahisi. Linganisha na mpira wa pedali, ngozi ya usukani na kiti cha dereva. Matairi husema ukweli zaidi: namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Tairi la zaidi ya miaka sita lisitegemewe kwa kuvuta, hata kama kashata zake ni nzima.

## Hatua ya 9: Karatasi

Linganisha namba ya chesisi uliyoiandika, pamoja na namba iliyo kwenye injini, na zile zilizo kwenye kadi halisi ya gari, siyo nakala. Kadi halisi isipokuwepo, uliza kama gari liko dhamana ya mkopo. Angalia madeni ya faini kwenye mfumo wa TMS wa Jeshi la Polisi, andikishianeni mkataba mbele ya wakili, na lipa kupitia benki. Uhamisho wa umiliki ufanyike TRA, yaani Mamlaka ya Mapato Tanzania, ukiwa na TIN (namba ya mlipakodi) yako na ya muuzaji, kabla hujamaliza malipo. Tela lina usajili wake na kadi yake. Lisinunuliwe kama nyongeza ya gari isiyo na karatasi.

## Hatua ya 10: Kabla ya mzigo wa kwanza

Badilisha oili ya injini, giaboksi, transfa (boksi linalopeleka nguvu mbele na nyuma) na difu zote mbili, pamoja na filta, kuleyanti na mafuta ya breki. Badilisha taiming belti kama haina ushahidi. Mpe fundi umeme wa magari afunge soketi ya taa za tela kwa waya mpya, asiunganishe kwenye waya uliokatwakatwa. Tela likizidi kilo 750, hakikisha breki zake zinafanya kazi, na mnyororo wa usalama umefungwa chini ya ndoano.

Safari za kwanza, kwa kilomita 1,000 hivi, vuta nusu ya mzigo uliouandika katika hatua ya kwanza. Paki uzito mwingi mbele kidogo ya ekseli ya tela, kwani uzito ukikaa nyuma tela huanza kuyumba na kulivuta gari pamoja nalo. Baada ya safari ya kwanza, kaza upya boliti za ndoano na nati za magurudumu, pima oili na maji injini ikiwa baridi, na uandike vipimo hivyo daftarini ili safari ya pili uwe na cha kulinganisha.